Kitabu cha Mzee wa Kichuguuni

Ile asubuhi waliyosoma kitabu mbele ya watu ningali naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu ya matope yaliyokuwa miguuni mwangu. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ya naibu wa chifu hapa Saboti, sketi imelowa mpaka magotini, kidole nimekinyoosha kwa mzee mmoja ambaye hakuwa amenikosea chochote, na napiga kelele, "Kisomwe! Kitabu chake kisomwe, tujue anaandika nini kuhusu maji yetu!" Wakasoma. Laiti ningenyamaza.

Nakueleza haya leo, Nasimiyu, kwa sababu ya mambo ya jana. Wewe ndiye kitinda mimba wangu, na nilidhani hadithi hii ningekufa nayo, maana ndugu zako hawaijui na baba yenu marehemu alikubali tusiitaje nyumbani. Lakini jana umefika kutoka chuoni Kitale kama kila jioni, hata chai hujanywa, ukanisukumia simu usoni. "Mathe, ona! Korongo wako na mayai!" Halafu ukashusha sauti ukaniambia kuhusu yule mtu wa viatu vya gambuti anayekuja na ndoano kando ya kinamasi. "Huyo msee simwamini, mathe. Ati anavua samaki. Samaki gani huko, bana?"

Hata mimi simwamini. Nakuambia hilo kwanza ili usifikiri nimezeeka nikawa mpole. Tangu nizaliwe mimi ni mtu wa shaka. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza anataka nini. Wauza mbegu siwaamini, wagombea viti ndio kabisa, na ile dawa ya kikohozi uliyoniletea bado iko kabatini, naichunguza. Kwa hiyo sitakuambia uache kushuku. Keti tu, na hiyo simu uiweke kifudifudi mezani.

Nilikuja hapa nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa kutoka upande wa Bungoma. Baba yako alikuwa na kazi mjini Kitale, analala mtaa wa Tuwan hukohuko wiki nzima, nyumbani anaonekana Jumamosi. Nikabaki na mama mkwe, na shamba la mahindi, na hicho kinamasi kule chini. Mama mkwe hakuwa mbaya, Mungu amlaze pema, ila hakuwa mtu wa maneno. Angeweza kumaliza siku nzima ameniambia mambo mawili, yote mawili kuhusu kuni. Nilikuwa mpweke, mwanangu. Nilikuwa nalia katikati ya mahindi nikijifanya napalilia.

Korongo ndio walionitoa kwenye kilio hicho. Walikuwa wawili, dume na jike, na yale mataji yao ya rangi ya dhahabu vichwani, wakija asubuhi na mapema kutafuta wadudu kwenye malisho kando ya maji. Siku moja nikainua kichwa nikawakuta wanacheza. Huyu anainama, yule anainama, mabawa wazi, halafu wote wawili wanaruka juu, wanatua, wanaruka tena, utadhani wako harusini na hakuna aliyewaambia kwamba muda umekwisha. Nilicheka peke yangu shambani. Kuanzia hapo nikawahesabu kuwa watu wangu. Mvua zilipokolea walijenga kiota katikati ya matete, wakazilaza nyasi zikawa mviringo kama sinia, na jike akataga mayai matatu. Mama mkwe aliponiona nimesimama nikiwatazama alisema jambo la tatu siku hiyo: "Hao ni wa nyumbani. Hapa hakuna mtu anarushia wao mawe." Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Unajua vile watu wa huku walivyo na korongo. Kinda hukamatwa akiwa mdogo, hukatwa manyoya ya mabawa, huachwa uani atembee na kuku, na mgeni akija mwenye boma anamwonyesha kwa majivuno. Kwa hiyo wezi wa makinda walikuwepo, na nilijua wapo. Nikajiapiza kwamba hawa wangu watakua, wataruka, nami nitawaona wakiruka.

Kisha akaja yule mzee.

Alikuja kwa baiskeli nyeusi, amevaa koti zito na kofia, darubini inaning'inia shingoni. Upande wetu hakuja. Alizunguka mpaka ng'ambo ya kinamasi, akapanda juu ya kichuguu kikubwa kile unachokijua, akaweka kigoda, akaketi, akatazama. Baadaye akatoa kitabu, akaandika. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa vilevile.

Wewe mtoto wa juzi hujui maana ya kitabu. Mashamba ya huku yamehamahama mikononi mwa watu. Wengine wana karatasi, wengine wana kumbukumbu tu, na mtu akisimama kando ya ardhi akaanza kuandika, wanawake wanaacha majembe. Kuna aliyesema anapima kinamasi ili kikaushwe kigawanywe. Kuna aliyesema ametumwa na tajiri wa mjini. Mimi nilisema ni mwizi wa ndege, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu ile darubini niliiona imeelekea wapi.

Siku ya nne nikazunguka nikamfuata hukohuko kichuguuni. Nilimsalimia, akaitikia bila kuiondoa darubini machoni.

"Mzee, unatafuta nini hapa?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Waliopo."

"Na kile kiota, umekiona?"

Hapo ndipo alipoishusha darubini. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na miguuni macho yakakaa kidogo. "Kiota gani?" akasema.

Alikuwa anadanganya. Uso wa mtu anayedanganya naujua, nimelelewa na kaka watano. Nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikamwambia mama mkwe kwamba yule mtu ni mwizi, sina shaka tena. Akaendelea kupepeta maharagwe yake. "Mwizi gani anakuja na kiti?" akaniuliza. Sikulifikiria swali lake, ingawa lilikuwa swali zuri kuliko yangu yote.

Ulinzi wangu ulikuwa umeshaanza siku ile ya kwanza alipotokea, na sasa nikauzidisha. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla sijashika jembe, navua viatu, napandisha sketi, naingia kwenye matete. Nilikwenda mpaka karibu kabisa na kiota. Jike ananyanyuka kwa hasira, anatanua mabawa, anarudi nyuma, na mimi nahesabu: moja, mbili, tatu. Natoka nimeridhika. Jioni narudi tena kama nina wasiwasi, na wasiwasi niliamka nao na kulala nao. Matete yaliyonizuia niliyavunja. Mengine niliyalaza chini nipate pa kukanyaga nisizame. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba korongo hawa wana bahati, wana mlinzi. Haikunijia hata siku moja kujiuliza yule jike alikuwa ananiona mimi kuwa nani.

Na nilikuwa na rafiki. Aliitwa Sikuku, mchuuzi wa maziwa. Alipita kila asubuhi na baiskeli yake, mitungi miwili imefungwa kwenye keria, akikusanya maziwa boma hadi boma kuyapeleka Kitale. Alikuwa mcheshi, jamani! Katika kijiji kizima ndiye aliyeniita shemeji huku akicheka. Mimi huyu ninayemshuku kila mtu, Sikuku sikumshuku, kwa sababu alikuwa na tabasamu na alikuwa anakubaliana nami.

"Shemeji, naona umeoga matope tena," alinitania.

"Nalinda ndege zangu. Yule mzee wa kichuguuni ana macho mabaya."

"Huyo? Huyo si mtu mzuri hata kidogo. We endelea kuangalia tu. Sasa hao ndege wamefika wapi?"

Nami namweleza. Mayai ni matatu. Jike halali mbali. Wiki hii au ijayo yataanguliwa. Mwanangu, naona haya kukuambia hata leo. Siku mayai yalipopasuka, mtu wa kwanza kupata habari hakuwa mama mkwe wala mume wangu. Nilitoka kwenye matete machozi ya furaha yananitoka, nikamwona Sikuku barabarani, nikampigia kelele, "Wawili wametoka! Wa tatu bado!" Akasimamisha baiskeli. Akapiga makofi. "Hongera, mama wa korongo," akasema.

Kesho yake nilichelewa. Ng'ombe wa mama mkwe alikuwa amekata kamba, tukamkimbiza kwenye mahindi ya jirani, na nilipofika ukingoni jua lilikuwa limeshapanda. Korongo wote wawili walikuwa hewani. Walikuwa wanazunguka juu ya matete wakilia, na haukuwa ule mlio wao wa kila siku, ulikuwa mkavu na wa harakaharaka. Nikakimbia. Kiota kilikuwa kitupu, yamebaki maganda, na lile yai la tatu lilikuwa limekanyagwa. Ndani yake kulikuwa na kinda mzima, ana manyoya, amekamilika. Nilimweka kiganjani. Alikuwa bado na joto.

Nikapiga nduru. Watu wakaja mbio, huyu na panga, yule na jembe. Na hapo hapo tukamwona yule mzee anakuja akikimbia kuzunguka kinamasi, koti linapepea, kitabu mkononi, anahema hata maneno hayatoki. Aliinua mkono. "Mtu... baiskeli..." akasema.

"Ndiye huyo!" nikapaza sauti. "Mshikeni! Si mlikuwa hamniamini?"

Wakamshika. Mmoja alimpiga kofi, kofia ikaangukia majini. Mzee akawa anasema, "Nisikilizeni, anaondoka, jamani anaondoka," na hakuna aliyemuuliza ni nani anayeondoka. Tukamkokota mpaka kwa naibu wa chifu. Ni mwendo mfupi, wewe unaujua, lakini siku hiyo tulichukua muda mrefu sana, kwa sababu kila boma tulilopita watu walitoka kuuliza kuna nini, na mimi nikasimama kuwaeleza. Nilisimama kueleza, mwanangu. Kila boma.

Naibu wa chifu alikuwa mtu mtulivu. Alimpa mzee kiti, akamuuliza yeye ni nani. Akajibu kwamba ni mwalimu mstaafu, Wepukhulu, mwenyeji wa Bungoma, amepanga chumba Kitale, na kazi yake siku hizi ni kuzunguka vinamasi vya huku akihesabu ndege wa majini, aone kama wanapungua au wanaongezeka. Watu wakaguna. Mtu mzima na akili zake, aache nyumba yake aje kuhesabu ndege? Ndipo nilipopiga zile kelele za kutaka kitabu kisomwe.

Mzee Wepukhulu alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitia shaka zaidi. "Basi kisomeni," akasema. "Anzeni mwanzo, Jumatatu ya kwanza."

Naibu wa chifu akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Yangeyange kumi na mmoja. Bata mwitu sita. Korongo wawili, mmoja amelalia mayai. Nikawa natikisa kichwa nikisubiri uovu utokee. Akafungua ukurasa. "Saa kumi na mbili na nusu. Mwanamke kijana, sketi ya kijani, ameingia kwenye matete. Amekwenda moja kwa moja kwenye kiota. Jike amekimbia. Mayai yamebaki wazi kwa muda mrefu."

Watu wakaigeukia sketi yangu. Ilikuwa ya kijani.

Akaendelea. Jumanne: "Yule mwanamke tena. Amevunja matete." Jumatano: "Yule mwanamke, asubuhi na jioni. Njia yake sasa naiona kutoka hapa nilipoketi." Alhamisi: "Amekuja kuniuliza habari za kiota. Miguu ina matope mabichi. Sikumwambia kitu. Nafikiri ni mwizi anasubiri mayai yaanguliwe." Ukurasa baada ya ukurasa, wiki tatu. Kuna siku bata hawakuja, kuna siku yangeyange hawakuja, lakini mimi nilikuja. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Kisha akafika ukurasa wa mwisho, na mwandiko wake ulikuwa wa haraka mpaka naibu wa chifu akausogeza karibu na macho. "Leo, saa moja kasorobo. Mwanamume, baiskeli, mitungi miwili ya maziwa. Baiskeli ameiacha barabarani. Amefuata njia ya yule mwanamke mpaka kwenye kiota. Ametoka na kitu ndani ya shati, amekitia kwenye mtungi. Kumbe si yule mwanamke. Naenda kuwaita wenyewe."

Halafu sauti ya mtu nyuma ikasema, "Sikuku." Na mwingine akasema ndiyo, amempita asubuhi, na ameshangaa kumwona hakwenda Kitale, ameshika njia ya chini, ile ya kuelekea Lwakhakha mpakani. Vijana wawili wakarukia baiskeli wakamfuata. Walirudi jioni mikono mitupu. Alikuwa ametangulia mbali, na muda wote huo aliotangulia, mimi ndiye niliyempa. Nilimshika mtu pekee aliyekuwa anakimbia kuwaokoa, nikamzungusha kijiji kizima nikimtukana.

Watu walipotawanyika mzee Wepukhulu aliniita. Nilidhani ataniambia nimlipe kofia. Akasema tu, "Twende unionyeshe njia yako."

Hakukuwa na haja ya kuonyeshwa. Tulisimama barabarani, pale mtu wa baiskeli anapopita, na njia ilikuwa inaonekana yenyewe, imenyooka kutoka ukingoni mpaka kiotani kama ya kwenda kisimani. Matope yalikuwa na nyayo zangu, siku kwa siku, vidole vyote vitano. Juu ya nyayo zangu kulikuwa na alama za viatu vya akala, vile vya tairi, zimeingia, zimetoka. Sikuku hakuwa na haja ya kutafuta. Nilikuwa nimemtengenezea barabara, na kila asubuhi nikamsomea na habari.

"Binti," mzee akasema, "unajua mayai yalikuwa mangapi?"

"Matatu."

"Mimi nimejua leo. Wiki tatu nimeketi pale juu na sijawahi kuyaona. Nilitaka sana kuyaona, nakuambia ukweli, hata usingizini niliyawaza. Lakini ningeyaona, na mwingine angeyaona kupitia kwangu."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, na ndilo nililobaki nalo miaka hii yote.

"Na mimi nina kosa langu, usibebe lote peke yako. Nilikushuku nikanyamaza, nikawa naandika tu kama karani. Siku ile uliponijia, ningekuambia, mama, usiingie mle, unawaumiza, leo tungekuwa na makinda watatu. Nilikudanganya machoni. Wewe umenishuku, mimi nimekushuku, na yule akapita katikati yetu akipiga mluzi."

Korongo walisimama kando ya kile kiota siku mbili. Walikuwa wanainamisha vichwa wakichungulia ndani, wanainua, wanachungulia tena. Siku ya tatu hawakuwepo. Mama mkwe hakunigombeza. Alichukua ile sketi ya kijani kutoka kwenye kamba, akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku, na hatukuizungumzia tena. Afadhali angenipiga.

Sikuku alirudi baada ya miezi kadhaa, akachuuza maziwa kama kawaida. Alisema alikwenda kukata nyasi siku hiyo, na kitabu cha mgeni hakikutosha kumfunga mtu. Alinipita barabarani akasema, "Niaje, shemeji," na tabasamu lilikuwa lilelile. Hilo ndilo lililoniogopesha. Na miaka kama miwili baadaye nilikwenda Lwakhakha na vitunguu, nikapita nyuma ya duka la jumla nikitafuta maji ya kunywa. Uani, kati ya kuku, alikuwa amesimama korongo mmoja. Bawa moja lilikuwa limekatwa. Mwenye duka akapiga makofi ili acheze anifurahishe, naye akainama, akatanua lile bawa zima, akaruka kidogo, akaanguka upande. Sikuuza vitunguu siku hiyo. Sijui kama alikuwa wangu. Sina ushahidi wowote. Lakini naamini ni yeye, na nitaamini hivyo mpaka nife.

Mwalimu Wepukhulu aliendelea kuja. Alinifundisha kuketi kichuguuni, upepo ukiwa usoni, bila kuvaa rangi kali, na kusubiri. Kile kigoda kilichoko jikoni, unachokalia ukimenya viazi, ni chake. Alipougua miguu ikakataa baiskeli, aliniachia kigoda, darubini, na kitabu kisichoandikwa. Korongo walikuwa wanapita, wanakula, wanaondoka. Kujenga hawakujenga tena kwenye kinamasi chetu, miaka yote hiyo mpaka mvua hizi.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo ninapohitaji masikio yako. Ulidhani wewe ndiye uliyewaona kwanza? Kiota hicho nakijua tangu siku waliyolaza nyasi za kwanza. Sijamwambia mtu, hata mchungaji. Mayai yako mangapi sijui, na sikutaka kujua, mpaka jana uliponiwekea picha mbele ya macho. Picha hiyo umeipiga kutoka wapi, Nasimiyu? Usinijibu. Naona kivuli cha kichwa chako juu ya mayai. Na watu wangapi wameshatumiwa hiyo picha, na wao wamewatumia akina nani, na kati yao nani anapenda korongo akiwa hewani na nani anampenda akiwa uani kwake?

Shuku, mwanangu. Dunia ya sasa inataka mtu mwenye shaka, na ningekuwa mwongo nikikuambia vingine. Lakini ukishuku, anza na miguu yako. Jiulize umepita wapi, umeacha nini nyuma, nani anaweza kufika kwa sababu wewe umefika. Yule anayekukubalia kila neno kuhusu adui yako, huyo naye mwangalie mara mbili, hata kama anakuchekesha. Na yule unayemshuku usimpigie kelele, wala usimwandike kimyakimya kama alivyofanya mwalimu wangu. Mwendee, msalimie, muulize jina lake na boma la kwao, ajue kwamba anajulikana. Mwizi hapendi kujulikana, na mtu mwema hachukii kusalimiwa.

Kile kitabu alichoniachia mwalimu kiko pale juu ya kabati, chini ya Biblia. Kishushe ukisome mwenyewe, kurasa za wiki hii. Jina lako limo mara nne. Ndiyo, wewe. Niliandika saa, nikaandika na rangi ya sweta lako. Yule mtu wa gambuti yumo mara mbili, na mara zote mbili hakutupa ndoano. Alisimama pale njia yako inapoanzia, akaitazama.

Futa hiyo picha, na uwaombe wenzako wafute. Kesho asubuhi tutakata miiba tuuzibe ule mwanzo wa njia, matete yatainuka yenyewe. Kisha tutakwenda kumsalimia huyo mvuvi, wewe na mimi, pamoja, na nitamuuliza samaki wake ni wa aina gani. Halafu utanibebea kigoda mpaka kichuguuni, maana magoti yangu sasa yanadai.

Mungu azilinde hatua zako, binti yangu. Akupe macho ya kuona mbali na subira ya kukaa mbali. Akujalie usije ukaonyeshwa kitabu ukakuta ni wewe. Na wale wawili walioko kule mateteni leo, awape makinda wanaoruka kwa mabawa mawili, na akuweke hai uwaone wakivuka juu ya paa hili. Haya, chukua simu yako. Nataka kukuona ukifuta.